Penrith: Viwanda vimepungua, deni la ardhi limebaki

Penrith ni mji ulioko kiasi cha kilomita 50 magharibi mwa katikati ya jiji la Sydney, nchini Australia, chini ya safu ya milima ya Blue Mountains.

Tarehe 4 Januari mwaka 2020 kipimajoto cha mamlaka ya hali ya hewa mjini humo kilionyesha nyuzijoto 48.9. Siku hiyo hapakuwepo mahali pengine duniani palipopimwa joto kali kuliko hapo. Ni kweli kwamba mwezi wa Januari ni majira ya baridi katika nchi za kaskazini, na kwa hiyo Kuwait na Jangwa la Sahara hazikuwa katika ushindani. Lakini hata kwa vipimo vya Sydney yenyewe, joto la namna hiyo halikuwa limewahi kuandikwa katika eneo lote linaloizunguka.

Huenda ukajiuliza, joto la siku moja linahusiana vipi na mada yetu, ambayo ni jinsi viwanda vinavyobadilisha idadi ya watu na mazingira ya nchi. Uhusiano upo, na ni wa karibu. Penrith imepitia karibu kila hatua ambayo wataalamu huitaja wanapozungumzia mapinduzi ya viwanda: mashamba, reli, viwanda vya ngozi, kiwanda cha mabomu, machimbo ya mchanga, bwawa kubwa, wimbi la wahamiaji, kisha viwanda vyenyewe kupungua na makazi kuchukua nafasi yake. Na jambo linalojitokeza katika historia hiyo ni kwamba watu na ardhi havibadiliki kwa mwendo mmoja. Watu hubadilika katika kizazi kimoja au viwili. Ardhi, maji na hewa hudai malipo baadaye, mara nyingi kutoka kwa watu ambao hawakula faida.

Kabla ya reli

Wenyeji wa asili wa sehemu hii ni Wadarug, walioishi kando ya mto ambao leo unaitwa Nepean. Wachimba kokoto wa karne ya 20 walikuta mawe yaliyochongwa na mikono ya binadamu ndani ya matabaka ya changarawe huko Cranebrook, na watafiti wakayakadiria kuwa na umri wa zaidi ya miaka 40,000. Wapo wataalamu wanaoubishia umri huo, lakini hakuna anayebisha kwamba watu hao waliishi hapo kwa muda mrefu mno.

Mwezi Juni mwaka 1789 afisa wa Kiingereza, Watkin Tench, alifika kwenye mto huo akiongoza msafara mdogo. Miezi michache kabla yake ugonjwa wa ndui ulikuwa umeanza kuwaua wenyeji wa Sydney kwa wingi. Kwa hiyo badiliko la kwanza kubwa la idadi ya watu katika nchi hii halikuwa ongezeko. Lilikuwa maangamizi. Mwanzoni mwa karne ya 19 walowezi waligawiwa ardhi yenye rutuba ya Castlereagh, wakakata miti na kupanda ngano. Ninalitaja hili kwa sababu masimulizi mengi kuhusu viwanda huanza na mashine ya mvuke, kana kwamba kabla yake ardhi ilikuwa tupu.

Reli ilifika Penrith mwaka 1863, na daraja la kuuvuka mto likakamilika mwaka 1867. Reli ndiyo iliyoufanya mji kuwa mji. Upande wa mashariki, mahali paitwapo St Marys, viwanda vya kutengeneza ngozi vilijengwa kandokando ya kijito cha South Creek, kwa sababu ngozi huhitaji maji mengi ya kuoshea na gome la miti la kuilainishia. Maji hayo machafu yalirudi kijitoni. Wakati huo hapakuwa na sheria ya kuzuia, wala watu wengi wa kulalamika.

Nini huzifanya familia kuwa ndogo?

Mwaka 1929 mtaalamu wa Kimarekani, Warren Thompson, alizigawa nchi za dunia katika makundi kulingana na viwango vyake vya uzazi na vifo. Kutokana na kazi hiyo, na ile ya Frank Notestein aliyemfuata, ilizaliwa nadharia ya mpito wa idadi ya watu. Kwa maneno mepesi inasema hivi: mwanzoni watu huzaa sana na kufa sana, na idadi yao haipandi haraka. Kisha maji safi, chakula cha uhakika na tiba hupunguza vifo, lakini uzazi hubaki juu. Hapo ndipo idadi ya watu hupaa. Mwishowe uzazi nao hushuka, na ongezeko hupungua au kukoma.

Kwa nini uzazi hushuka? Shambani, mtoto wa miaka 8 huchunga mbuzi, huteka maji na huamia ndege. Mjini, mtoto huyo ni ada, sare na nafasi ya kulala. Jimbo la New South Wales, ambalo Penrith imo ndani yake, lilifanya elimu ya watoto kuwa ya lazima mwaka 1880. Mwaka 1908 Australia ilipitisha sheria ya malipo ya uzeeni. Mzazi ambaye mtoto wake hawezi tena kufanya kazi utotoni, na ambaye uzee wake hautegemei mtoto huyo peke yake, hufanya hesabu mpya.

Na hesabu hiyo ilifanywa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kufikia mwaka 1903 uzazi ulikuwa umeshuka kiasi cha kuitia hofu serikali ya New South Wales, ikaunda tume ya kifalme kuchunguza sababu. Tume hiyo ilihitimisha, pamoja na mengine, kwamba wanandoa walikuwa wakipenda raha na kukwepa usumbufu wa kulea. Msikilizaji atajiamulia mwenyewe. Mimi naona ni vigumu kuuita ubinafsi uamuzi wa mama anayeishi katika chumba cha kupanga karibu na kiwanda cha ngozi.

Uzazi ulipanda tena baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mwaka 1961 wastani ulifikia watoto 3.55 kwa kila mwanamke. Mwaka huohuo vidonge vya kupanga uzazi viliingia katika soko la Australia. Tangu mwaka 1976 wastani umekuwa chini ya 2.1, yaani chini ya kiwango kinachohitajika ili kizazi kimoja kirithi kingine bila kupungua, na mwaka 2023 ulikuwa 1.5.

Mabomu yalileta watu

Hata hivyo, mtu akiitazama Penrith kwa jicho la uzazi peke yake hataielewa. Watu wa hapa hawakuzaliwa tu. Waliletwa, na kilichowaleta kwanza ni vita.

Mwaka 1941, vita vilipokuwa vikikaribia bahari ya Pasifiki, serikali ya shirikisho ilichukua eneo kubwa la ardhi huko St Marys na kujenga kiwanda cha kujaza baruti katika mabomu na risasi. Palihitajika mahali penye nafasi, mbali na bahari na karibu na reli. Maelfu ya watu waliajiriwa, wengi wao wanawake. Njia ndogo ya reli ilijengwa mwaka 1942 kuwapeleka kazini, na serikali ikajenga nyumba ndogo za wafanyakazi. Baada ya vita majengo ya sehemu ya Dunheved yalikodishwa kwa wenye viwanda vya kawaida, na St Marys ikageuka kuwa mji wa wafanyakazi wa mashine. Katikati ya miaka ya 1950 kiwanda kipya cha mabomu kilijengwa hapohapo.

Wafanyakazi zaidi wangetoka wapi? Mwaka 1945 Australia, ikiwa na watu wapatao milioni 7.4, iliunda wizara ya uhamiaji chini ya Arthur Calwell. Lengo lilikuwa kuongeza idadi ya watu kwa asilimia 1 kila mwaka kutoka nje. Katika miaka 20 iliyofuata waliingia wahamiaji wapatao milioni 2: Waingereza, Wapoland, Wamalta, Waitalia, Wagiriki, Waholanzi. Wengi waliingizwa moja kwa moja viwandani na katika ujenzi wa mabwawa.

Hapa naomba tusimame kidogo. Mlango huo haukuwa wazi kwa watu kama sisi. Sheria ya mwaka 1901 ya kuzuia uhamiaji, msingi wa ile iliyoitwa siasa ya Australia ya Weupe, iliwafungia nje Waafrika na Waasia, na mabaki yake hayakuondolewa kabisa hadi mwaka 1973, wakati wa serikali ya Gough Whitlam. Ilikuwa baada ya hapo, na hasa baada ya vita vya Kongo na machafuko ya Burundi, ndipo Kiswahili kilipoanza kusikika katika treni za magharibi mwa Sydney. Yaani sisi tulifika wakati viwanda vilikuwa vinafungasha.

Treni za umeme zilifika Penrith mwaka 1955. Tangu hapo mtu aliweza kulala Penrith na kufanya kazi Parramatta au mjini Sydney, na mashamba ya ng'ombe wa maziwa na matunda yakaanza kukatwa viwanja.

Viwanda vikaondoka

Katika miaka ya 1960 takriban robo ya wafanyakazi wa Australia walikuwa viwandani. Leo ni kama 6 tu katika kila 100. Kuanzia miaka ya 1970 ushuru uliokuwa ukivilinda viwanda vya ndani ulipunguzwa, bidhaa za Asia zikaingia kwa bei nafuu, na milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Oktoba mwaka 2017 gari la mwisho la Holden lilitoka katika kiwanda cha Elizabeth, karibu na Adelaide, na Australia ikakoma kuunda magari ya abiria kwa wingi. Ile njia ndogo ya reli ya St Marys ilikuwa imefungwa zamani, mwaka 1986. Kiwanda cha mabomu nacho kikafungwa katika miaka ya 1990.

Nililelewa Tanga, mji ambao wakati wa utoto wangu ulikuwa ukihesabika miongoni mwa miji ya viwanda ya Tanzania, na ambao uliviona vingi vikinyamaza mwishoni mwa miaka ya 1980 na baada yake. Kwa hiyo nilitarajia kwamba mji ukipoteza viwanda hupoteza na watu. Penrith haikupoteza. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu zaidi ya watu 217,000 katika eneo la halmashauri yake. Viwanda viliwaleta watu, lakini kilichowabakisha ni nyumba, reli, hospitali, chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1989, na bei ya viwanja ambayo ilikuwa nafuu kuliko ile ya karibu na bahari.

Na uzazi ulipozidi kushuka, uhamiaji ndio uliozidi kuikuza nchi. Leo takriban watu 3 katika kila 10 nchini Australia walizaliwa ng'ambo. Nchi iliyopita hatua zote za mpito wa idadi ya watu haibaki na watu wachache. Huwaomba kwa wengine.

Ardhi iliyogeuzwa mchanga

Sasa tugeukie upande wa pili, ule wa mazingira. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalioni kwa sababu limefunikwa na maji.

Ukitoka katikati ya Penrith kuelekea kaskazini utakuta maziwa makubwa, yametulia, yana ndege na nyasi za kijani. Mbio za makasia za Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000 zilifanyika hapo, katika uwanja wa maji uliofunguliwa mwaka 1996. Mgeni hudhani ni maziwa ya asili. Kumbe ni mashimo. Ni ile ardhi ya Castlereagh yenye rutuba waliyogawiwa walowezi wa kwanza, ambayo ilichimbuliwa kwa makumi ya miaka ili kutoa mchanga na kokoto za kujengea Sydney. Kampuni kubwa za uchimbaji ziliungana mwaka 1980, zikaafikiana na serikali ya jimbo mwaka 1987 kwamba zitachimba, kisha zitaacha maziwa na bustani. Uchimbaji ulikoma mwaka 2015.

Tuwe waadilifu: mashimo mengi duniani huachwa wazi, na haya hayakuachwa. Ila tutazame mizani yote. Zege la majengo ya Sydney, barabara zake na misingi ya nyumba zake lilitoka sehemu hii kwa wingi mno. Kilichobaki ni maji mahali palipokuwa na udongo bora wa kilimo. Udongo huo ulitandazwa na mafuriko ya mto kwa maelfu ya miaka. Hakuna mkataba wa serikali unaoweza kuurudisha.

Hili si jambo la Australia peke yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Msikilizaji wa Makueni, nchini Kenya, hahitaji kuelezwa. Huko mito ya msimu huhifadhi maji ndani ya mchanga wake. Malori yakiubeba mchanga, maji hutoweka pamoja nao. Ndiyo maana kaunti hiyo ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Msikilizaji wa Unguja naye anafahamu jinsi kisiwa kinavyoweza kuishiwa na mchanga wa kujengea hali hoteli zinaongezeka.

Maji ya kunywa na maji ya kutisha

Jiji linalokua huhitaji maji. Kati ya mwaka 1948 na 1960 bwawa la Warragamba lilijengwa katika korongo lililoko juu ya Penrith. Ukuta wake una urefu wa mita 142 kwenda juu, na maji yanayoweza kuhifadhiwa nyuma yake ni kiasi cha lita trilioni 2, ambayo ni mara 4 ya maji ya bandari ya Sydney. Hutoa takriban asilimia 80 ya maji ya jiji. Ili kulijaza, bonde la Burragorang lilizamishwa pamoja na mashamba yake na maeneo matakatifu ya Wagundungurra.

Mto uliozuiwa si mto uleule. Mtiririko wa Nepean ulipopungua, na maji taka ya vitongoji vipya yalipoingia humo, mbolea iliyomo katika maji hayo ililisha magugu. Mwaka 2004 gugu la salvinia liliufunika mto huo kwa kilomita nyingi sehemu za chini, unakoitwa Hawkesbury. Mwaka 2010 ulizinduliwa mtambo mkubwa wa St Marys unaosafisha maji taka hadi yanakuwa safi kabisa, kisha kuyapeleka mtoni kufidia yale yanayozuiwa bwawani. Ni mradi wa kusifiwa, na ni wa gharama. Maji ambayo mvua iliyaleta bure sasa hutengenezwa kwa umeme.

Na bado mto haujafugwa. Machi 2021, na tena mara kadhaa mwaka 2022, bwawa lilifurika na maelfu ya wakazi wa bonde wakaambiwa wahame. Serikali iliyotangulia ilitaka kuinua ukuta kwa mita 14. Serikali ya Chris Minns iliufuta mpango huo mwaka 2023. Tatizo lenyewe ni kwamba idadi ya nyumba katika bonde iliongezeka haraka kuliko uwezo wa barabara za kuwatoa watu.

Hewa, na joto tulilolianzia

Magharibi mwa Sydney ni kama sahani iliyozungukwa na kingo. Moshi wa magari na viwanda vya upande wa pwani husukumwa na upepo wa bahari mchana kutwa, ukipikwa na jua hadi kuwa ozoni, na huwasili mashariki ya milima alasiri. Mwenye kuvuta hewa hiyo si lazima awe ndiye aliyeichafua. Tangu mwaka 1986 magari mapya yalilazimishwa kutumia petroli isiyo na risasi, na mwaka 2002 petroli yenye risasi ilipigwa marufuku. Hewa iliboreka sana. Hili linaonyesha kwamba baadhi ya madeni hulipika, na kwa haraka, sheria ikitaka.

Joto ni gumu zaidi. Upepo wa bahari huchelewa kufika Penrith, au haufiki. Siku ya jua kali tofauti kati ya pwani na hapa inaweza kufikia nyuzi 8 hadi 10. Juu ya hali hiyo ya asili tumeongeza lami, zege, na mapaa meusi yaliyobanana kiasi kwamba mti hauna pa kumea kati ya nyumba na nyumba. Msitu wa wazi uliokuwa ukiitwa wa uwanda wa Cumberland, wenye mikalitusi na nyasi, umebaki chini ya asilimia 10 ya ulivyokuwa. Kisha juu ya hayo yote kuna ongezeko la joto la dunia nzima, ambalo limetokana na makaa ya mawe na mafuta yaliyochomwa tangu mapinduzi ya viwanda yaanze. Na New South Wales ni miongoni mwa wachimbaji na wauzaji wakubwa wa makaa hayo.

Katika habari hii kuna kinaya ambacho sijawahi kukisahau. Sehemu mojawapo ya msitu huo iliyohifadhika vizuri ni ile iliyokuwa ndani ya uzio wa kiwanda cha mabomu. Kwa zaidi ya miaka 50 hakuna aliyeruhusiwa kuingia, na kangaruu na emu wakaneemeka katikati ya maghala ya baruti. Ardhi hiyo, zaidi ya hekta 1,500, ilipoachwa na jeshi, wakazi walipigania ibaki msitu. Sehemu kubwa ikawa hifadhi ya Wianamatta, na sehemu nyingine ikawa vitongoji vipya vya Ropes Crossing na Jordan Springs. Baruti iliulinda msitu kuliko mipango miji.

Nani hulala katika joto hilo? Nyumba ya bei nafuu iko mbali na bahari. Familia iliyofika kutoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma hupanga pale mfuko unapoishia. Wenyewe huambiwa kwamba wao wametoka Afrika, wamezoea jua. Ni maneno ya kupuuza. Nyumba ya Bujumbura au Kigoma hufunguliwa madirisha na watu hukaa barazani chini ya mwembe. Nyumba ya kupanga ya Penrith isiyo na kiyoyozi, au yenye kiyoyozi ambacho bili yake ya umeme haibebeki, ni tanuri. Nchini Australia joto kali huua watu wengi kuliko mafuriko na moto wa misitu, na wanaotangulia ni wazee, wagonjwa wa moyo na watoto wachanga. Halmashauri ya Penrith ilitoa mkakati wake wa kuupoza mji mwaka 2015, wenye kutilia mkazo upandaji wa miti ya kivuli. Mti uliopandwa mwaka huo ndiyo kwanza unaanza kumfunika mtu mmoja.

Na kwetu je?

Afrika Mashariki imeingia njia hiyohiyo kwa mlango mwingine. Ulaya na Australia zilipata viwanda huku idadi ya watu ikipanda. Kwetu watu walitangulia. Tanzania Bara na Visiwani ilikuwa na watu milioni 12.3 katika sensa ya mwaka 1967; sensa ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 61.7. Vifo vilipungua kwa chanjo, dawa na maji, si kwa mishahara ya viwandani. Uzazi nao unashuka bila kusubiri mabomba ya moshi: Kenya, iliyokuwa na wastani wa watoto 8 kwa kila mwanamke mwishoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa na 3.4 mwaka 2022, na sababu kubwa ni shule za wasichana na huduma za uzazi wa mpango. Tanzania, mwaka huohuo, ilikuwa na 4.8. Kwa hiyo yule anayesema kwamba lazima tujenge viwanda kwanza ndipo familia zipungue hana ushahidi wa kutosha kutoka Nairobi.

Upande wa ardhi, hata hivyo, tunafanana zaidi. Mto Msimbazi, mjini Dar es Salaam, umepokea kwa miaka mingi maji machafu ya viwanda na ya majumbani, na mchanga wake umechimbwa. Desemba 2011 ulifurika na kuua watu zaidi ya 40 jijini humo, na walionusurika wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022 na kutoa umeme Februari 2024. Umeme huo unahitajika, wala sitaki kumwonea haya mtu yeyote kwa kusema hivyo. Lakini wakulima wa mpunga na wavuvi wa kamba wa delta ya Rufiji, kule ambako mikoko hutegemea maji matamu yanayoshuka na udongo wake, wana haki ya kuuliza leo swali ambalo Nepean ililiuliza baada ya miaka 40: ni kiasi gani cha maji kitaachwa kipite?

Huku Penrith, wakati huohuo, ukurasa mpya umefunguliwa. Kusini mwa mji, huko Badgerys Creek, ujenzi wa uwanja mpya wa kimataifa wa ndege ulianza mwaka 2018, na kando yake serikali ya jimbo inajenga mji uitwao Bradfield, unaokusudiwa kuwa wa viwanda vya teknolojia ya juu. Mashamba ya mboga na ufugaji yaliyobaki yanauzwa. Kijito kinachopita katikati ya eneo hilo ni kilekile South Creek cha viwanda vya ngozi, ila safari hii ramani za serikali zimeandika kando yake jina la Kidarug, Wianamatta, linaloelezwa kuwa na maana ya mahali pa mama, na mipango inataka kingo zake ziachwe na miti ili mji mpya upate ubaridi. Viwanja vya maghala vimeshaanza kusawazishwa. Miti mingi bado iko kwenye vitalu.